Mashine ya kukaushia nguo nyumbani: kuifunga, kuitumia na kuitunza bila hatari ya moto

Kazi kubwa ya mashine ya kukaushia nguo ni kupitisha hewa. Joto lipo, lakini joto peke yake halikaushi kitu. Hewa iliyopashwa moto inapita katikati ya nguo zinazozungushwa ndani ya pipa, inabeba maji, kisha inatoka nje au inapozwa ili maji yadondoke. Hewa ikizuiwa popote katika safari hiyo, nguo huchelewa kukauka, umeme huliwa bure, na joto hurundikana kwenye hita. Jirani wa hita hiyo ni vumbi la nguo, yaani nyuzi laini za pamba zilizokauka kabisa, ambazo hushika moto kwa cheche moja. Takwimu za idara ya zimamoto ya Marekani za mwaka 2008 hadi 2010 zilionyesha mioto ya majumbani ipatayo 2,900 kila mwaka iliyoanzia kwenye mashine hizi, na sababu iliyoongoza ilikuwa kutosafishwa. Kwa hiyo ukisoma mwongozo huu, jiulize kila hatua: hewa inapita?

Ujue kwanza mashine uliyonayo

Mashine ya kufulia ya mapipa mawili haihusiki hapa. Wengi huuita upande wake wa pili draya, lakini ule unakamua tu: unazungusha nguo kwa kasi na kumwaga maji, hauna hita. Mashine zinazokausha kwa joto ni hizi.

Ya bomba. Inavuta hewa ya chumbani, inaipasha moto, inaipitisha kwenye nguo, kisha inaitoa nje ya nyumba kwa bomba la kipenyo cha sentimita 10 hivi. Ni rahisi kununua na rahisi kutengeneza, kwani ndani mna vitu vichache: mota, mkanda, feni, hita na swichi za joto. Mzigo wa kilo 7 hula uniti 4 hivi.

Ya kondensa. Haina bomba la nje. Hewa yenye mvuke hupozwa ndani, maji huingia kwenye tangi au hutiririka kwenye bomba la maji machafu. Umeme wake ni uleule au zaidi kidogo, na joto lote hubaki chumbani. Kwa kuwa inapoza mvuke kwa kutumia hewa ya chumba, chumba kikiwa cha moto kazi inalegea. Nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kwenye chumba cha nyuzijoto 5 hadi 35. Stoo isiyo na dirisha jijini Dar es Salaam mwezi wa Februari huvuka kiwango hicho kabla mzigo wa kwanza haujaisha.

Ya pampu ya joto. Ina kompresa kama ya friji, na joto hilohilo huzungushwa tena na tena. Hewa yake haizidi sana nyuzijoto 50, hivyo inachukua muda mrefu zaidi, lakini kilo 8 hula uniti 2 au chini ya hapo. Ni ghali kuinunua. Kwa anayekausha mara tatu nne kwa wiki, ndiyo tunayoipendekeza bila kusita. Mtumiaji wa Tanzania aliye kwenye kundi la bei ya umeme la D1, la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, apige hesabu mwenyewe: mashine ya bomba ikitumika mara tatu kwa wiki inakula karibu uniti 50 peke yake.

Inayofua na kukausha. Hapa kosa ni moja na linarudiwa kila nyumba: uwezo wa kukausha ni mdogo kuliko wa kufua. Mashine inayofua kilo 8 mara nyingi hukausha kilo 5. Ukimaliza kufua, toa nguo kiasi ndipo uwashe ukaushaji.

Ya gesi hupatikana zaidi Marekani na Kanada. Hiyo lazima itoe hewa nje ya nyumba, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksaidi, na kuifunga ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Umeme

Mashine za soko la Ulaya, Uarabuni na Afrika Mashariki huvuta wati 2,000 hadi 2,700. Kwa volti 230, wati 2,700 ni karibu ampea 12, na plagi yetu ya pini tatu bapa ina fyuzi ya ampea 13. Maana yake plagi inafanya kazi karibu na kikomo chake kwa saa nzima au zaidi, tofauti na birika linalochemsha kwa dakika nne tu. Soketi iliyolegea ambayo haijawahi kusumbua na birika itayeyuka hapa.

Kwa hiyo mashine ipewe soketi yake ya ukutani, iliyovutwa kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, yenye athi inayofanya kazi kweli, na nyuma yake kuwe na kikata umeme cha miliampea 30 kinachojizima umeme unapovuja. Ekstensheni hapana, hata ile nene. Adapta ya kugawa soketi hapana. Soketi ya mashimo mawili, upande mmoja draya na mwingine pasi, nayo hapana.

Siku ya kwanza fanya jaribio hili: mashine ikishafanya kazi nusu saa, izime kwenye swichi ya soketi kisha shika plagi. Ikiwa vuguvugu, sawa. Ikiwa huwezi kuishika kwa starehe, soketi imelegea au nyaya ndani ya plagi hazijakazwa; usiendelee kuitumia mpaka fundi umeme aibadilishe. Alama ya kahawia kuzunguka pini moja ni ushahidi kwamba tatizo limekuwapo muda mrefu. Fyuzi ikiungua weka fyuzi, si waya wala karatasi ya sigara.

Kifaa cha kulinda friji dhidi ya umeme unaopanda na kushuka mara nyingi hakibebi mzigo huu. Tafuta kilichoandikwa ampea 13 au zaidi.

Kwa anayerudi nyumbani na kontena la vyombo kutoka Marekani: acha draya hukohuko, iuze. Mashine ya kawaida ya umeme ya huko hutumia volti 240 kwenye hita, lakini mota na vidhibiti vyake ni vya volti 120, vinavyopatikana kwa kugawanya umeme kwa waya wa nyutro. Ukiiunganisha na umeme wa Kenya au Tanzania, wenye waya moja ya moto, mota inapata volti mara mbili ya zake na inaungua. Hata ukinunua transfoma, masafa ya huko ni hezi 60 na hapa 50, na mota itazunguka polepole kuliko ilivyopimiwa. Ya kutoka Oman au Dubai haina shida hiyo, volti na plagi ni kama zetu.

Na kwa anayehamia nyumba mpya akiwa hukohuko Marekani: soketi za draya za ampea 30 zilikuwa za matundu matatu, na tangu kanuni za umeme za 1996 nyumba mpya zinawekewa ya matundu manne. Badilisha waya wa mashine ufanane na soketi, usibadilishe soketi ifanane na waya. Unapoweka waya wa nne, kipande kinachounganisha nyutro na bodi ya mashine, yaani mwili wake wa chuma, lazima kiondolewe. Asiyekijua amwite fundi.

Kuiweka mahali pake

1. Sakafu iwe ngumu na sawa. Weka pimamaji juu ya mashine, kwa urefu na kwa upana, zungusha miguu mpaka povu likae katikati. Mashine iliyoinama hula mkanda na rola upande mmoja.

2. Acha nafasi pembeni na nyuma kama kijitabu chake kinavyosema. Sentimita 5 ni kidogo mno kama ukuta wa nyuma una bomba lililopinda. Kapeti chini ya mashine ya kondensa huziba matundu ya hewa ya chini.

3. Mlango wa chumba au kabati usizuie mlango wa mashine kufunguka wote. Usiifungie kwenye kabati lenye kufuli, wala nyuma ya mlango wa kusukuma pembeni unaoifunika ikiwa inafanya kazi.

4. Ukiipandisha juu ya mashine ya kufulia, draya ndiyo hukaa juu, na katikati kuwe na fremu maalumu ya kuziunganisha. Mtetemo wa kukamua huidondosha mashine iliyowekwa tu juu ya nyingine.

5. Ya pampu ya joto ikisafirishwa, hasa ikilazwa, isimame wima saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Usiku kucha ni salama zaidi. Mafuta ya kompresa yanahitaji muda kurudi chini. Nyingi za sasa zina gesi ya R290, ambayo ni propani, kwa hiyo usitoboe wala kukwangua mapezi ya ndani, yaani vile vibati vyembamba vilivyopangwa mistari, kwa kitu chenye ncha.

Bomba la kutolea hewa linastahili maneno zaidi, maana ndipo mafundi wengi hupunguza gharama. Linalofaa ni la chuma au alumini ngumu, laini ndani. La plastiki jeupe linaloyeyuka na lile la foili nyembamba la kukunjika kama akodioni hukusanya vumbi kwenye kila mkunjo, na la plastiki huungua pamoja na vumbi lake. Kama huna budi kutumia la kukunjika, liwe la alumini nene, fupi, limenyooshwa kabisa. Kanuni za ujenzi zinazotumika sehemu kubwa ya Marekani huruhusu urefu wa mita 10.7 usipokuwa na maelekezo mengine ya mtengenezaji, na kila kona ya digrii 90 inapunguza karibu mita moja na nusu. Mashine ndogo za Ulaya zina feni dhaifu zaidi na huvumilia urefu mdogo kuliko huo. Soma kijitabu chake.

Viungio vifungwe kwa tepu ya foili ya alumini. Skrubu zisichomoze ndani ya bomba, kwa sababu kila ncha ya skrubu hunasa nyuzi na baada ya miezi michache inakuwa kizibo. Bomba liishie nje ya nyumba, si juu ya dari, si chini ya sakafu, na kamwe si ndani ya dohani ya hita ya maji ya gesi. Mwisho wake uwe na kifuniko kinachofunguka kwa msukumo wa hewa na kujifunga. Usiweke wavu wa mbu hapo, vumbi litauziba ndani ya wiki chache. Kifuniko kinatosha kuzuia ndege, mijusi na wale nyigu wanaojenga kwa udongo, mradi kinajifunga vizuri.

Mashine ya bomba inatoa hewa nje, basi lazima hewa nyingine iingie. Acha dirisha wazi kidogo. Kama chumba hichohicho kina kifaa cha gesi kinachotoa moshi kwa dohani, mashine inaweza kuuvuta moshi ule urudi ndani, na dirisha hapo halina mjadala.

Kabla ya kubonyeza kitufe

Anza kwenye mashine ya kufulia. Kilo 6 za pamba zikikamuliwa kwa mizunguko 800 kwa dakika hubaki na maji lita 4 na ushei. Kwa mizunguko 1,000 ni lita 3.6 hivi, kwa 1,400 zinakaribia lita 3. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji uniti 0.63 hata kwa mashine isiyopoteza joto lolote, na ya bomba hupoteza jingi. Kukamua mara ya pili kunagharimu sehemu ndogo sana ya hiyo. Nguo zinazodondosha maji haziingizwi kabisa.

Pekua mifuko. Kibiriti cha gesi ndicho kitu kibaya kuliko vyote mfukoni, kikifuatiwa na njiti za kiberiti. Misumari na sarafu hutoboa chujio. Kalamu ya wino itapaka pipa zima na mzigo utakaofuata.

Kisha mafuta. Hapa ndipo nyumba zinapoungua na watu hawaelewi kwa nini, kwa sababu moto hutokea mashine ikiwa imeshazima. Mafuta ya kupikia, ya nazi, ya kuchulia misuli na ya kupakia mbao huchanganyika na oksijeni taratibu na kutoa joto. Kitambaa chenye mabaki ya mafuta kikipashwa moto na kurundikwa kingali cha moto, joto linakosa pa kutokea, linapanda lenyewe mpaka kitambaa kinawaka. Kufua mara moja kwa maji baridi hakuondoi mafuta yote. Vitambaa vya jikoni, taulo za saluni na za wachua misuli, aproni za muuza chipsi: fua kwa maji ya moto na sabuni zaidi ya kawaida, nusa, na kama bado vinanuka mafuta, anika kwenye kamba. Nguo zilizoguswa na petroli, mafuta ya taa, tina, spiriti au dawa ya kutolea madoa haziingii mpaka zifuliwe hivyo, na ovaroli ya gereji ni bora isiingie kamwe.

Usikaushe pia sponji, mito ya povu la mpira, mazulia madogo yenye mpira chini, kofia za kuogea na makoti ya mvua. Mpira na povu hushika joto, na nguo zisizopitisha maji hutuna kama puto.

Angalia alama kwenye lebo ya nguo: mraba wenye duara ndani. Nukta moja ni joto la chini, lisilozidi nyuzijoto 60; nukta mbili ni la kawaida, hadi 80; mraba uliokatwa msalaba maana yake usikaushe kwa mashine. Kanga na vitenge huvumilia, ila rangi zake hudumu zaidi kivulini. Kama masika yamekubana, tumia joto la chini. Mabuibui ya polista hukauka haraka mno, na joto kali huyaachia mikunjo ambayo pasi haiitoi. Nguo zenye lastiki nyingi hulegea. Kanzu za pamba zitoe zingali na unyevu kidogo, uzinyooshe kwa pasi. Tenganisha mataulo na mashati: taulo linahitaji mara mbili ya muda, na ukiviweka pamoja shati litachemka bure likisubiri.

Jaza pipa theluthi mbili, nguo zikiwa zimelegea. Taulo kubwa la kuogea kavu lina gramu 500 hadi 600, jinzi karibu 700. Pipa likijaa hadi juu hewa haipiti. Likiwa na soksi nne tu, vihisi unyevu havizigusi na mashine inazima ikidhani kumekauka. Ongeza taulo moja kavu.

Kukausha

Hakikisha chujio limo mahali pake na ni safi. Kuiendesha bila chujio hata mara moja ni kupeleka vumbi moja kwa moja kwenye feni na hita. Tazama ndani ya pipa kabla ya kufunga mlango, hasa nyumba yenye mtoto mdogo au paka.

Chagua programu ya kihisi badala ya ya dakika, kama ipo. Kuna kiwango cha kukausha kwa ajili ya pasi na kiwango cha kukunja na kuweka kabatini. Kile cha kukausha kupita kiasi kiachie jinzi nene na mataulo. Pamba iliyokaushwa kupita kiasi hupungua na kuchakaa, na lile rundo la vumbi kwenye chujio ni nguo yako inayolika.

Dakika za mwisho mashine huzungusha bila joto ili kupoza nguo. Usiikatishe hapo. Ikibidi kuisimamisha katikati, toa nguo zote mara moja na uzitandaze. Hali hiyohiyo hutokea umeme ukikatika: nguo zimelala juu ya chuma cha moto na feni haifanyi kazi. Fungua mlango, zitoe, zitandaze kitandani au kwenye viti, na uzime soketi ili mashine isipate mshtuko umeme ukirudi.

Usiondoke nyumbani wala kulala ikiwa inafanya kazi. Agosti 2016 moto uliotapakaa ghorofa kadhaa za jengo la Shepherd's Court, magharibi mwa London, ulianzia kwenye mashine ya kukaushia yenye hitilafu. Wenyewe walikuwapo nyumbani na waliwahi kutoka.

Faida moja isiyotajwa sana kwa sehemu zenye yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje, ambaye funza wake huingia kwenye ngozi: kukausha kwa joto la juu hufanya kazi ileile ya pasi ya moto. Mashine ya pampu ya joto haifikii joto hilo, kwa hiyo nepi na shuka za mtoto bado zipigwe pasi.

Kusafisha

Kila mzigo: toa chujio, ondoa vumbi kwa vidole, rudisha. Mwaga tangi la maji kwenye ya kondensa na ya pampu. Maji hayo si ya kunywa, na yana nyuzi. Ya kupigia deki yanafaa.

Kila mwezi: osha chujio. Dawa ya kulainisha nguo, iwe ya maji au ya vikaratasi, huacha utando usioonekana kwenye wavu. Mimina maji juu ya chujio. Yakituama badala ya kupenya, limeziba hata kama linaonekana safi. Sugua kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini, likauke kabisa ndipo ulirudishe. Futa pia vile vipande viwili vya chuma karibu na mlango, ndivyo vihisi unyevu, kwa kitambaa chenye siki. Vikiwa na utando, mashine hudhani nguo zimekauka zingali na maji, au haizimi kabisa.

Kwa ya kondensa inayotoa kifaa chake cha kupozea, kichomoe chini mbele, kisafishe kwa maji ya bomba pande zote mbili mpaka yatoke safi, kikauke, kirudishe na ufunge lachi zote. Kwenye ya pampu ya joto, fungua kijimlango cha chini na ufyonze vumbi kwenye mapezi kwa brashi laini, ukifuata mstari wa mapezi kutoka juu kwenda chini. Mapezi yanapinda kwa kidole tu, na makali yake hukata, kwa hiyo vaa glavu.

Kila mwaka, au kila miezi sita kama familia ni kubwa, bomba la nje:

1. Chomoa plagi. Kwa ya gesi, funga na valvu.
2. Vuta mashine mbele bila kukanyaga bomba.
3. Legeza kibano, toa bomba, fyonza vumbi kwenye tundu la nyuma la mashine.
4. Pitisha brashi ya mpini mrefu unaopinda kutoka upande wa ndani mpaka nje, ukiizungusha mwelekeo mmoja tu. Ukizungusha kinyume, viungo vya mpini hufunguka na brashi inabaki humo.
5. Safisha kifuniko cha nje na uhakikishe kinafunguka.
6. Rudisha bomba, sukuma mashine taratibu, kisha uiwashe bila nguo na utoke nje: kifuniko kiinuke na hewa isikike kwa nguvu mkononi.

Kila miaka miwili au mitatu fundi afungue bodi na kufyonza vumbi lililopita pembeni ya chujio na kulala kuzunguka hita na mota. Vumbi hilo halionekani kwa nje.

Ikisumbua

Inachelewa kukausha. Safisha chujio, kisha bomba au kondensa. Jaribu mara moja bomba likiwa limetolewa nyuma, madirisha wazi, kwa dakika 15 tu, na kwa mashine ya umeme pekee. Ikikausha vizuri, kizibo kimo kwenye bomba. Kama bado, pima hita.

Inazunguka bila joto. Mara nyingi ni fyuzi ya joto, kijidude kidogo karibu na hita au njia ya hewa kinachokata umeme joto likizidi. Mashine ikiwa imechomolewa, maltimita (kifaa cha kupimia umeme) ikionyesha hakuna njia kabisa kwenye fyuzi hiyo, imekufa. Nyingine zina swichi inayorudishwa kwa kubonyeza. Kuna mafundi wanaounganisha waya moja kwa moja na kuiruka. Mkatalie, hata akikuambia ameshafanya hivyo nyumba ishirini: fyuzi ile ndiyo kinga ya mwisho kabla ya moto, na iliungua kwa sababu hewa imezibwa mahali. Badilisha fyuzi na utafute kizibo siku hiyohiyo. Hita yenyewe ya wati 2,500 kwa volti 230 inapaswa kusoma omu 21 hivi. Ya wati 2,000, karibu 26. Isiyosoma kitu imekatika.

Mota inanguruma na pipa halizunguki. Geuza pipa kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa. Likigeuka kwa wepesi mno, mkanda umekatika. Likiwa na uzito wa kawaida, shuku kapasita ya mota, kile kijidude kinachoisaidia kuanza kuzunguka.

Kelele ya kukwaruza ni rola za pipa au ile inayokaza mkanda. Madoa ya kahawia kwenye nguo hutokana na sili ya pipa iliyochakaa, nguo zinajibana pembeni. Taa ya tangi ikiwaka wakati tangi ni tupu, kielea kimekwama au pampu ndogo ya maji imejaa nyuzi.

Ikikata umeme wa nyumba kila hita inapowaka, hita inavujisha kwenye bodi. Usiijaribu tena na tena. Kila jaribio mtu anaweza kuwa ameigusa.

Harufu ya kuungua, moshi, au bodi ya juu isiyoshikika kwa moto: zima kwenye soketi, na kama soketi iko nyuma ya moshi, zima meinswichi. Usifungue mlango wa mashine, maana utaingiza hewa mpya kwenye moto. Funga mlango wa chumba, toa watu wote nje, piga 114 Tanzania, 999 au 112 Kenya. Maji hayamwagwi kwenye mashine iliyo na umeme. Kizimamoto cha unga au cha kabonidayoksaidi kitumike tu kama moto bado mdogo na mlango wa kutokea uko nyuma yako.